Maji ya Uso Yenye Kazi Nyingi: Ujaribu Namna Gani?

Mama, uso wako unang'aa mafuta kabla jua halijapanda? Mapele yanatoka kwenye paji na kidevu? Haiko uchafu. Ngozi yenyewe inatoa mafuta yake, na wakati wa mimba yanaweza kuzidi.

Sasa sokoni Kasongo ao Kabambare unaonyeshwa chupa ya losyo. Muuzaji anasema: inaondoa mafuta, inamaliza mapele, inafuta alama, tena inaleta weupe. Chupa moja, kazi ine! Losyo ya kweli inapangusa mafuta na mabaki ya sabuni, basi. Ile inayoleta weupe iko na dawa nyingine ndani.

Soma maandishi, ao mwombe mtoto wa shule akusomee. Ukiona neno mercure, clobétasol ao hydroquinone, irudishe. Mercure ndiyo zebaki, ile maji ya feza ambayo wachimbaji wanakamata nayo zahabu. Inaharibu figo, na inaweza kufika kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mapatano ya Minamata ya 2013 yanakataza kuitia katika mafuta ya kujichubua, lakini bado inauzwa kwa siri. Clobétasol inaponyesha mapele upesi, halafu yanarudi kwa wingi. Ngozi inakuwa nyembamba, na kama ukipasuliwa wakati wa kuzaa, kidonda kinachelewa kufunga. Hydroquinone ya muda mrefu inaleta madoa meusi yasiyotoka kwa urahisi. Chupa isiyo na maandishi, hata ya bei ndogo, acha.

Kama hakuna maneno yale, jaribu kwanza. Paka kidogo kwenye kikunjo cha mkono, asubuhi na jioni, siku 7 mpaka 10. Ikiwasha ao ikitoa malengelenge, nawa na uiache. Ngozi ikikaa vizuri, paka usoni kwa pamba mara moja kwa siku, mbali na macho. Mtoto mchanga usimpake kamwe.

Kusema kweli, wengi wenu hamuhitaji chupa yoyote. Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, siyo ya kufulia, mara mbili kwa siku. Usisugue, usikamue mapele, usipake mawese usoni. Ngoja wiki 6 hivi.

Na wewe uliyekwisha kupaka losyo ya weupe miezi mingi, usiache kwa ghafula bila kuonana na muuguzi. Siku ya kupima mtoto, lete chupa pamoja na kartoni yake. Hatutakugombeza.