SOMO LA ROBO HII: Kuchagua lenzi pana na ndogo kwa picha za miradi



Katika somo hili tunaangalia jambo linaloonekana dogo, lakini hugusa fedha za mradi na uaminifu wa taarifa zetu: kuchagua lenzi ya kamera yenye uwezo wa kuonyesha eneo pana, na ambayo ni ndogo kiasi cha kubebeka mfukoni au kwenye mkoba wa mjumbe anayesafiri kwa pikipiki.

Picha ni sehemu ya taarifa. Maneno na hesabu hueleza fedha zilivyotumika, na picha huonyesha kilichofanyika. Wafadhili wengi hawatafika kwenye zahanati waliyoichangia. Watakiona chumba kile kwa njia ya picha tu. Picha inayokata nusu ya chumba huficha kazi ya kamati. Picha inayokifanya chumba kidogo kionekane kama ukumbi hudanganya, hata kama mpigaji hakukusudia. Kwa sababu hiyo tunaomba kila kamati isome somo hili kabla ya kutoa fedha dukani.

1. Lenzi pana ni nini?

Kila lenzi ina namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, kwa mfano 50mm, 24mm au 10-18mm. Namba hiyo huitwa urefu wa fokasi. Namba ikiwa kubwa, lenzi huvuta vitu vya mbali na kuonyesha eneo dogo. Namba ikiwa ndogo, lenzi huonyesha eneo kubwa. Lenzi yenye namba mbili inaweza kubadilishwa kati ya namba hizo, na yenye namba moja haibadiliki.

Lakini namba peke yake haitoshi. Ndani ya kamera kuna kihisi, yaani kile kibati kinachopokea picha. Kamera kubwa za kitaalamu zina kihisi chenye upana wa milimita 36. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo zaidi. Kwa kamera za Canon za aina hiyo upana ni takribani milimita 22. Lenzi ileile ikifungwa kwenye kihisi kidogo huonyesha eneo dogo. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea: lenzi iliyosifiwa kuwa pana kwenye kamera ya mtu mwingine inaweza isiwe pana kwenye kamera yenu.

2. Fanyeni hesabu kabla ya kununua

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukueni umbali kutoka kwenye kamera hadi ukuta mnaotaka kuupiga picha, zidisheni kwa upana wa kihisi, kisha gawanyeni kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana wa ukuta utakaoonekana.

Tuchukue mfano. Kamati imejenga chumba cha kujifungulia chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Kamera ni ya Canon yenye kihisi cha milimita 22, na lenzi iliyokuja nayo ni 18-55mm. Mpigaji akiegemea ukuta mmoja mrefu na kutazama ukuta mrefu wa pili, kamera itakuwa umbali wa mita 2.6 hivi. Ukuta utakaoonekana ni huu:

- Lenzi ya 24mm: mita 2.4
- Lenzi ya 18mm: mita 3.2
- Lenzi ya 16mm: mita 3.6
- Lenzi ya 10mm: mita 5.7

Ukuta una mita 4, kwa hiyo ni lenzi ya 10mm pekee iliyouonyesha wote. Lakini msikimbilie dukani. Mpigaji huyohuyo akihamia kwenye ukuta mfupi na kutazama ukuta mfupi wa pili, umbali unakuwa mita 3.6. Sasa lenzi aliyo nayo, ikiwekwa kwenye 18mm, inaonyesha mita 4.4, na ukuta ule una mita 3 tu. Akifungua mlango na kurudi nyuma hatua moja, atapata zaidi. Kubadili mahali pa kusimama hakugharimu hata senti moja.

Mfano huu unafundisha jambo la pili. Lenzi ya Canon EF-S 24mm f/2.8, iliyotoka mwaka 2014, ni nyembamba kama andazi lililobonyezwa na ina uzito wa gramu 125 tu. Ni lenzi nzuri. Lakini kamati yenye lenzi ya 18-55mm ikiinunua ili kupata upana itakuwa imepoteza fedha, kwa maana 18mm waliyo nayo tayari ni pana kuliko 24mm.

3. Kwa nini nyingine ni ndogo na nyingine ni kubwa?

Kamera za zamani zina kioo ndani, kati ya lenzi na kihisi. Kioo kile kinahitaji nafasi ya kunyanyuka, kwa hiyo lenzi pana hulazimika kukaa mbali kuliko ilivyopaswa. Kampuni ya Angénieux ya Ufaransa ilitoa mwaka 1950 lenzi ya 35mm iliyotatua tatizo hilo kwa kuongeza vioo vya mbele, na njia hiyo imetumika tangu hapo. Ubaya wake ni kwamba lenzi huwa kubwa na nzito. Kamera za siku hizi zisizo na kioo cha ndani zimeondoa kizuizi hicho, na ndiyo maana lenzi pana zilizo ndogo zimeongezeka.

Tuone mifano mitatu ya Canon:

- EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 (mwaka 2014): gramu 240. Ni ya kamera zenye kioo na kihisi kidogo.
- RF 16mm f/2.8 (mwaka 2021): gramu 165. Ni ya kamera zisizo na kioo. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 299.
- RF-S 10-18mm f/4.5-6.3 (mwaka 2023): gramu 150. Ni ya kamera zisizo na kioo zenye kihisi kidogo.

Angalieni kwamba lenzi ya kwanza na ya tatu zina milimita zilezile, lakini ya tatu imepungua uzito kwa gramu 90.

Angalieni pia mahali lenzi inapofungwa. Lenzi ya EF-S inaweza kufungwa kwenye kamera mpya isiyo na kioo kwa kutumia adapta. Lenzi ya RF haiwezi kutumika kwenye kamera ya zamani yenye kioo. Andikeni jina kamili la kamera yenu kwenye karatasi na kwenda nayo dukani.

4. Upana au mwanga?

Kabla ya kuchagua, jiulizeni tatizo lenu ni lipi. Kuna kamati inayosema, "Picha zetu hazionyeshi chumba chote." Hiyo inahitaji upana. Kuna nyingine inayosema, "Picha zetu za mikutano ya jioni zina giza na nyuso hazionekani vizuri." Hiyo inahitaji mwanga.

Namba yenye herufi f huonyesha ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara mbili na nusu hivi ya ile ya f/4.5. Kwa mikutano ndani ya kanisa au darasa lenye taa hafifu, RF 16mm itasaidia kuliko 10-18mm, ingawa si pana kama hiyo. Baadhi ya lenzi, zikiwemo hizo mbili za 10-18mm, zina kifaa cha kutuliza mtikisiko. Kifaa hicho hutuliza mkono wa mpigaji, lakini hakimtulizi mtoto anayekimbia.

Jaribuni pia simu mlizo nazo. Simu nyingi za leo zina kamera ya pili iliyo pana sana. Mchana, kwa picha ya kuwekwa kwenye taarifa, inaweza kutosha. Ikiwa inatosha, fedha ya lenzi inunue dawati.

5. Picha iwe ya kweli

Lenzi pana hukuza vitu vilivyo karibu na kupunguza vilivyo mbali. Chumba cha mita 3 kikipigwa kwa 10mm huonekana kirefu sana. Mfadhili akifika siku moja na kukuta chumba kidogo, atajiuliza mengine yaliyoandikwa kwenye taarifa yana ukweli kiasi gani. Kwa hiyo tunashauri:

a) Andikeni vipimo chini ya picha: "Chumba cha kujifungulia, mita 4 kwa 3."
b) Wekeni katikati ya chumba kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, kama kitanda au kiti.
c) Shikeni kamera ikiwa sawasawa. Ikiinuliwa juu, kuta huonekana zinaangukia nyuma, na fundi aliyejenga vizuri atalaumiwa bure.
d) Kwa picha za maendeleo ya ujenzi, pigeni kila robo kutoka mahali palepale na kwa milimita zilezile. Wekeni jiwe la alama. Mkibadilisha lenzi katikati ya mradi, jengo litaonekana limesogea au limepungua, na picha hazitalinganishika.

6. Heshima ya watu

Lenzi pana humlazimisha mpigaji asogee karibu. Uso ulio karibu sana hupotoka, pua ikawa kubwa, na mtu aliye pembeni mwa picha hutanuka. Waacheni watu wakae katikati ya picha, na kaeni umbali usiopungua mita moja na nusu hivi.

Kuna jambo zito zaidi. Lenzi pana huchukua kila kilichomo chumbani. Mliomba ruhusa ya muuguzi, lakini nyuma yake yupo mama aliyelala, na mezani kuna daftari la wagonjwa lililofunguliwa. Picha za leo zinaweza kukuzwa mpaka jina lisomeke. Siri ya mgonjwa ikitoka kwa njia ya taarifa yetu, hakuna shukrani ya mfadhili itakayoirudisha. Kabla ya kubonyeza, kagueni kona zote nne za picha, fungeni madaftari, na ombeni ruhusa ya kila atakayeonekana. Kwa watoto, ombeni pia ruhusa ya wazazi au walezi.

Kwa wafadhili wetu tunaomba hili: mkipokea picha ya chumba kitupu chenye vipimo vyake, ipokeeni kwa moyo mmoja kama mnavyopokea picha ya watu. Mara nyingi chumba ni kitupu kwa sababu kamati imelinda heshima ya wagonjwa.

7. Kununua na kutunza

Pateni bei kutoka maduka matatu. Lenzi iliyotumika inaweza kuwa nafuu, lakini ielekezeni kwenye mwanga mtazame ndani: nyuzi kama za buibui ni dalili ya ukungu. Huo huota kwenye unyevu, hasa maeneo ya pwani, na kuuondoa ni kazi ya fundi. Hifadhini lenzi kwenye kopo linalofungika vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Msifute kioo kwa kanga au shati. Pulizeni vumbi kwanza, kisha tumieni kitambaa maalumu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni namba ya lenzi kwenye orodha ya mali za parokia, pamoja na jina la mtunzaji na tarehe ya kila anayeiazima.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Pimeni chumba kidogo kuliko vyote katika mradi wenu. Kwa lenzi mliyo nayo, ukuta wa mita ngapi utaonekana?
2. Katika picha za taarifa iliyopita, zipi zilikosa upana na zipi zilikosa mwanga?
3. Je, kuna picha iliyoonyesha mtu au maandishi ambayo hayakupaswa kuonekana? Mtafanya nini nayo?
4. Kiasi cha fedha cha kununua lenzi kingefanya kazi gani nyingine mwaka huu?

Kamati ikijibu maswali haya kwa pamoja, uamuzi wa kununua au kutonunua utakuwa wa wote, na mweka hazina atakuwa na maelezo ya kuwapa waumini.