Patofiziolojia kwa Lugha ya Mgonjwa: Mfano wa Selimundu Kati ya Kitale na Bungoma

Mwanafunzi wa tiba husoma anatomia ili ajue mwili ulivyoundwa, na fiziolojia ili ajue unavyofanya kazi. Somo linalomvusha kutoka hapo hadi wodini ni patofiziolojia, yaani elimu ya namna maradhi yanavyovuruga kazi ya kawaida ya mwili. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba somo hilo linatuhusu sisi wa Kiswahili pia, kwa kuwa daktari asiyeweza kuusimulia ugonjwa kwa lugha ya mgonjwa hajamaliza kulisoma.

Tuchukue selimundu, ugonjwa ambao huku kwetu Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, huitwa sikoseli. Chanzo chake ni badiliko moja tu. Katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa himoglobini, asidi ya glutamiki imeipisha valini. Himoglobini ya namna hiyo inapopoteza oksijeni, molekuli zake hushikamana zikawa nyuzi ndefu. Chembe nyekundu ya damu hukakamaa na kupinda mfano wa mundu. Mengine yote yanafuata. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii huishi kati ya 10 na 20. Ndipo damu hupungua, na macho huwa ya manjano kwa sababu mabaki ya chembe zilizovunjika ni mengi kuliko ini linavyoweza kuyaondoa. Chembe zilizokakamaa huziba mishipa midogo. Ndipo mifupa huuma na vidole vya mtoto huvimba. Wengu huharibika mapema, na kwa hiyo mtoto hupewa penisilini hata siku asiyokuwa na homa, ili asishambuliwe na bakteria waletao nimonia. Miezi ya kwanza huonekana mzima kwa kuwa bado analindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Dawa ya haidroksiyurea hufaa hasa kwa kuiongeza himoglobini hiyo hiyo. Aliyekariri dalili ana orodha ya mambo yasiyojuana. Aliyeelewa ana kisa kimoja chenye sababu na matokeo, kile ambacho wanafasihi tungekiita msuko.

Kisa hiki kina mandhari pia. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Akaona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wapo wengi wenye kinasaba hiki, zaidi ya asilimia 20 katika baadhi ya jamii, ilhali nyanda za juu kilikuwa nadra. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Kitale iko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma chini ya mita 1,500. Abiria wa matatu anayeshuka kutoka Kitale hadi Bungoma huingia katika nchi yenye malaria nyingi zaidi, na yenye selimundu nyingi zaidi, kwa sababu ile ile moja.

Istilahi yenyewe, selimundu, iliyoenea Tanzania, ni bora kuliko sikoseli kwa maoni yangu, kwani ndani yake mna umbo la chembe na mna maelezo ya maumivu. (Sikio la Mbukusu lina taabu kidogo hapa, maana omundu kwetu ni mtu. Lakini mundu wa kukatia nyasi anaujua.)

Ugumu mkubwa hauko katika istilahi. Jamaa yangu mmoja anayesomea udaktari aliulizwa na mama mmoja: "Daktari, huyu mtoto nilimzaa mzima. Ni nani amemfanyia hivi?" Akajibu, "Hapana mama, ni ugonjwa wa kurithi." Jibu ni sahihi kisayansi. Lakini kurithi kwetu kuna mirathi na kuna ukoo, na swali linalofuata nyumbani ni ukoo wa nani. Mara nyingi hujibiwa kwa kumtazama mama, ilhali mtoto hawi na ugonjwa huu mpaka apokee kinasaba kutoka kwa baba na mama wote wawili. Laiti angeanza kwa kusema, "Mmempa nyote wawili, na nyote wawili hamkujua."

Kuna na ile kauli ya mmoja kati ya wanne. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, uwezekano wa mtoto kuugua ni robo. Mzazi akiambiwa "mmoja kati ya wanne" huhesabu watoto: huyu ndiye yule mmoja, watatu wajao watakuwa salama. Kiswahili sanifu hakikukosewa, ila kimemdanganya. Afadhali aambiwe kwamba kibuyuni mna vikaratasi vinne, kimoja kina alama. Kila mimba hutolewa kimoja, na kabla ya mimba nyingine hurudishwa, vikawa vinne tena.