Anayechaguliwa Kuwa Daktari

Katika somo hili tunatazama namna vijana Weusi wa Marekani wanavyoandaliwa kuwa madaktari wa huduma za msingi, yaani wale wanaompokea mgonjwa kabla ya kumpeleka kwa bingwa. Weusi ni takriban asilimia 13 ya Wamarekani, lakini kati ya madaktari hawafiki nusu ya kiwango hicho.

Pengo hili lina historia. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti juu ya vyuo vya udaktari. Vyuo vingi vilikuwa duni kweli, hilo tusilikane. Lakini kati ya vyuo saba vya Weusi, alipendekeza viwili tu viendelee: Howard na Meharry. Vingine vikafungwa.

Mwaka 1925 Mtakatifu Katharine Drexel, binti wa tajiri mwenye benki, pamoja na masista wake, alifungua chuo cha Xavier mjini New Orleans. Kwa miaka mingi chuo hicho kimekuwa mstari wa mbele kuwapeleka wahitimu Weusi katika masomo ya udaktari. Wengi wao hawakutoka katika sekondari zenye maabara nzuri. Walimu walikubaliana kufundisha kemia na biolojia kwa mpango mmoja, wakaandika vitabu vya mazoezi, na wanafunzi wakasoma kwa vikundi, aliyeelewa akimwelekeza mwenzake. Kwetu sisi walezi, hapo ndipo penye uzito: mwanafunzi aliyeanza nyuma hakupunguziwa kipimo, alisindikizwa mpaka akifikie.

Je, wanaohitimu udaktari huenda kwenye uhitaji? Utafiti wa mwaka 2010 ulivipima vyuo vya udaktari kwa wahitimu wao: wangapi wako katika huduma za msingi, wangapi wanahudumia maeneo yenye upungufu, na wangapi wanatoka makundi ya wachache. Chuo cha Morehouse cha Atlanta kilikuwa cha kwanza, Meharry cha pili, Howard cha tatu.

Deni la masomo, hata hivyo, huwavuta wengi kwenye ubingwa unaolipa zaidi. Serikali ina mpango wa kuwalipia mikopo wanaokubali kutumikia maeneo yenye upungufu. Tunaupenda, ila tunajiuliza: kwa nini kijana aliyetoka kwa maskini ndiye atazamiwe kurudi huko, na mtoto wa tajiri asiulizwe kabisa?