Chura wa Bururi Aliyepotea Miaka 62

Kila mtoto wa Buraza amekwisha sikia vyura wakilia bondeni mvua za kwanza zinapoanguka. Kwetu nyumbani chura ni igikere, na akiwa wa kijani au wa kahawia, jina ni hilo hilo. Kumbe aina zao ni nyingi, na katika milima ya nchi zetu zimo nyingine ambazo mabingwa wa elimu ya viumbe hawajaziandika bado.

Huenda mtu akauliza: mnyama aitwaje mpya, naye yupo tangu kale, na bibi zetu walimwona? Maana yake ni kwamba hajaandikwa. Tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758 kila aina ya mnyama hupewa majina mawili ya kitaalamu, na sifa zake huchapishwa. Mwandishi humtaja mnyama mmoja aliyewekwa katika jumba la makumbusho awe kipimo cha jina lile. Miaka mia ikipita na watu wakabishana, hurudi kumtazama yule yule mmoja.

Chura akikamatwa, rangi zake huandikwa angali hai, kwa maana spiriti huzififisha. Kisha huuawa, hukatwa kipande kidogo cha ini kwa ajili ya kuchunguza vinasaba, na mguuni hufungwa namba. Wako wanaouona huu kuwa ukatili. Mimi nasema shoka limaliziapo msitu huwaua wote, wala haliachi hata mmoja wa kusomwa. Baadaye hupimwa toka ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili, upana wa kichwa, vidole, na utando ulio kati yao, halafu hulinganishwa na jamaa zake wote waliohifadhiwa. Kazi hii ya kulinganisha ndiyo ichoshayo, na ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tuelekee kusini-magharibi, hadi msitu wa Bururi. Mwaka 1949 alionekana chura wa urefu wa sentimita 4 hivi, mweusi mwenye rangi ya kijivu na buluu. Dume ana kidole kimoja kirefu mno katika kila mkono. Mwaka 1950 Mbelgiji Raymond Laurent akamwandika kwa jina la Cardioglossa cyaneospila, na neno hilo la pili lasema habari za madoa ya buluu. Baada ya hapo kimya. Miti ilikatwa, mashamba yakapanda mlimani, vita vilivyoanza mwaka 1993 vikawazuia wageni, na wengi wakadhani chura yule amekwisha.

Desemba 2011 David Blackburn na Eli Greenbaum walifika Bururi. Maandishi ya zamani yaliwaambia watafute juu mlimani, kando ya vijito. Sauti yake hawakuijua, ila walikisia yafanana na ile ya jamaa zake wa Kameruni, ng'ambo ya Kongo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Usiku wa tano Blackburn akasikia mlio, akausogelea, akangoja. Alipopenua nyasi, chura yule alikuwa ameketi juu ya gogo! Siku zilizofuata alisikia milio mingine mingi, lakini wa kushika alikuwa huyo mmoja tu. Pasipo maelezo ya mwaka 1950 angeonekana na asitambulike.

Juu ya majina, si lazima yatoke Ulaya. Chura wa milima ya Ukaguru, Tanzania, aliyeandikwa mwaka 2002, aitwa Churamiti maridadi, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi. Mwaka 2006 kundi moja la vinyonga liliitwa Kinyongia.

Mwanafunzi akisikia bondeni mlio asioufahamu, asimkimbilie chura. Aandike kwanza tarehe, saa, jina la mlima na la kijito, hali ya mvua, na kama mlio watoka majini, nyasini au mtini. Kisha auige mlio wenyewe kwa herufi kadiri awezavyo. Penseli yafaa kuliko wino, kwa sababu daftari litalowa.