SOMO LA UFUNDI: GITAA LENYE FITO ZA KUPISHANA



Somo letu la leo linajibu swali moja: ubao mwembamba unawezaje kubeba mzigo mzito?

Nilipokuwa kijana katika kambi ya wachuma chai, magharibi ya Uganda, tulichangishana fedha tukanunua gitaa moja la wote. Sauti yake ilikuwa ndogo. Tukaona ubao wake wa mbele ni mnene mno, tukaukwangua kwa kipande cha chupa na msasa. Siku mbili sauti ilipendeza, watu wakacheza. Siku ya tatu ubao ulibonyea mbele ya kidaraja, ukavimba nyuma yake, kisha ukapasuka. Gitaa jingine hatukupata. Kosa letu lilikuwa nini? Tufuate hatua kwa hatua.

1. Kazi ya ubao wa mbele. Uzi peke yake hautoi sauti kubwa. Uzi hutikisa kidaraja, kidaraja hutikisa ubao, na ubao husukuma hewa. Mwaka 1862 fundi wa Hispania, Antonio de Torres, alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa, lakini ubao wa mbele ukawa wa mti mzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa mbele. Ubao mwepesi hutikisika kwa urahisi. Lakini nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Ubao mzito hunyamaza; ubao dhaifu huanguka.

2. Njia ya zamani. Ndani ya ubao wenye unene wa milimita 2 au zaidi kidogo, Torres alibandika fito, mara nyingi saba, zilizotawanyika kama vidole vya mkono ulio wazi. Fito hizo huimarisha zaidi upande wa urefu. Kila mpasua kuni anajua kwamba mti hupasuka upesi ukifuata nyuzi zake. Kwa hiyo upande wa mapana haupati msaada wa kutosha kwa ubao mwembamba sana.

3. Njia mpya. Kuanzia miaka ya 1980, fundi Greg Smallman wa Australia alijulikana kwa fito za kupishana, kama zile za ukuta wa nyumba ya udongo. Mpiga gitaa mashuhuri John Williams alizitumia kazi zake jukwaani. Fito hizo ni za balsa, mti mwepesi sana, na kwenye ukingo wa kila ufito hubandikwa ukanda wa nyuzi za kaboni zisizovutika. Tazama reli ya treni: chuma kingi kiko juu na chini, katikati ni chembamba. Kitu kikipindwa, upande mmoja huvutwa na wa pili hubanwa; katikati hapana kazi kubwa. Ndivyo balsa inavyokaa katikati, na kaboni ikapokea mvuto. Kwa msaada huo ubao wa mwerezi hupunguzwa hadi karibu milimita 1.

4. Mgongo na mbavu. Hizi hufanywa nene na nzito, kwa mbao zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka. Fikirini ngoma: ngozi ni nyembamba, mzinga ni mnene. Mzinga ukilegea, nguvu ya mkono hupotea humo.

5. Hasara zake. Gitaa hili ni zito, na ubao wake huumia upesi likigongwa. Wako wapigaji wanaopenda zaidi sauti ya njia ya zamani. Tena vumbi la kaboni na la mbao ngumu hudhuru mapafu; fundi avae kinga ya pua na mdomo, na vumbi livutwe nje ya karakana.

Sasa kosa letu liko wazi. Tulipunguza ubao bila kuongeza fito. Anayeondoa unene lazima kwanza aweke kitu kingine cha kubeba mzigo ule ule.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini kaboni huwekwa ukingoni mwa ufito, si katikati?
(b) Kazini kwenu, ni kitu gani chepesi kinachobeba mzigo mzito? Kimeimarishwa wapi?
(c) Je, mnapokata mbao, vumbi linakwenda wapi?