SOMO: Kiwewe Baada ya Vita au Ajali

Baadhi ya askari na mgambo waliopigana Vita vya Kagera, 1978–1979, walirudi vijijini na majeraha yasiyoonekana: ndoto za kutisha, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira na kujitenga. Ugonjwa huo, ulioingizwa katika orodha ya matabibu wa Marekani mwaka 1980, huwapata pia walionusurika ajali za barabarani, Misigiri na kwingineko.

Dalili zikizidi mwezi mmoja, si uchawi wala uvivu, zinatibika. Katibu wa chama cha msingi asimkaripie mwanachama huyo mkutanoni. Amshauri kwa faragha, asindikizwe zahanati. Akihitaji zaidi, apewe rufaa Kiomboi, hata Mirembe, Dodoma.

Swali la majadiliano: Mwanachama aliyeacha kuhudhuria mikutano, ni nani amemtembelea?