Mama Asiachwe Peke Yake

Mama mwenye virusi vya UKIMWI aweza kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye navyo. Mwaka 1999 utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, ulionyesha hivi: mama alipopewa kidonge kimoja cha nevirapini wakati wa uchungu, na mtoto akapewa dawa hiyo kabla ya siku 3 kupita, watoto walioambukizwa walikuwa karibu nusu tu ya wale wa dawa nyingine. Leo mama hunywa dawa kila siku, na mtoto hupewa yake. Pasipo dawa, watoto 15 hadi 45 katika 100 huambukizwa. Dawa ikitumiwa sawasawa, hawafiki 5.

Lakini dawa yataka kufuatwa. Huko Mbuchi, katika delta ya Rufiji, njia ni maji kati ya mikoko. Mama amfichaye mumewe vidonge kwa kuogopa kufukuzwa, nauli ya boti ataiomba kwa nani?

Basi, enyi waume, nendeni kliniki pamoja na wake zenu, mkapimwe nyote wawili. Yosefu hakumwacha Maria akimbilie Misri peke yake. Naye Mtoto akaokoka.